Waliosimama Nyuma Yako Kwenye Picha

Mnanichosha, na leo nasema. Kila nikiweka hapa picha ya mtu aliyesafiri, hata kama nimeandika ukurasa mzima juu ya barabara mbovu na vyoo visivyo na mlango, huko chini maswali ni yaleyale. "Umetumia programu gani kuwaondoa watu?" "Hao wa nyuma unawafutaje bila kuacha alama?" Barabara hakuna anayeiuliza. Kila mmoja wenu anataka mlima uwe wake peke yake, kana kwamba siku ile dunia nzima ilikaa ndani kumpisha apige picha. Haya. Leo nawaambia watu wanavyofutwa. Ni hadithi ndefu kidogo, na ukiona uvivu kusoma ondoka sasa hivi, sibembelezi mtu.

Shangazi yangu anafuta watu. Ndiyo kazi yake tangu mimi nikiwa wa kutumwa chumvi dukani. Anakaa nyuma ya duka la fotokopi, kwenye kona kati ya mashine ya laminesheni na mlango wa choo, na kompyuta aliyoinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama. Mashine ya fotokopi ikianza kunguruma meza yote inatetemeka, naye anainua mkono kwenye kipanya, anasubiri inyamaze, anaendelea alipoishia. Wateja wanamwita Mawingu. Mtu akimletea picha yenye anga jeupe kama shuka la hospitali, yeye anambandikia anga jingine. Picha za anga anazipiga mwenyewe juu ya paa la duka, pale bosi wa duka anapoanika mashati. Kwa hiyo kama umewahi kujiona umesimama chini ya mawingu mazuri huko ulikokwenda, inawezekana mawingu hayo yalipita juu ya mashati ya mtu.

Kazi yenyewe inaanzia usoni. Anapunguza weusi chini ya macho, anatoa chunusi, mng'ao wa mafuta anaupunguza kwenye paji la uso. Vinyweleo anaviacha. "Ukivifuta vyote mtu anakuwa sahani," anasema. Halafu ananyoosha picha iliyopigwa upande, maana marafiki wa kupiga picha wote wana shingo mbovu. Halafu anga. Mwisho kabisa, watu wa nyuma. Anachukua kipande cha majani cha pembeni anakibandika penye kiatu, kipande cha mwamba anakibandika penye mgongo, mpaka mtu anaisha. Anaanzia miguuni kila mara. Niliwahi kumuuliza kwa nini. "Ukianzia usoni utamwonea huruma," akasema, "na kazi haitaisha."

Wateja wengi wanatoka kwenye maporomoko ya maji. Mnayajua, yale yenye daraja la kamba na uwanja wa kuegesha magari kando yake, kila mtu anasimama palepale, mkono kiunoni, kidevu juu. Shangazi hajawahi kufika. Basi la kwenda huko linapita mbele ya duka kila asubuhi na hajawahi kulipanda. Lakini mtajie jiwe lolote la pale, analijua. Anajua ukoka unakauka upande gani, anajua bango limepasuka kona ipi, kwa sababu vyote ameshavichukua vipande akavibandika juu ya watu.

Na ana tabia moja ambayo niliipigia kelele mpaka nikachoka. Kompyuta yake haina nafasi. Kwa hiyo akimaliza picha anaihifadhi juu ya ileile iliyokuja. Mpya inaikalia ya zamani, basi, orijino imekwenda. Nikamwambia, shangazi, siku moja utalia. Akaniangalia juu ya miwani. "Nani ameshawahi kurudi kuniomba chunusi zake?"

Alikuja mwanamke mmoja mchana, mimi nikiwa pale nachaji simu. Alikuwa na mwanamume mwenye kofia mkononi, baadaye tukajua ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mwanamke akaweka simu mezani. Kwenye skrini kulikuwa na binti mwenye kofia pana, maporomoko nyuma, anga la bluu. Picha safi.

"Hii umeifanya wewe?"

Shangazi akaivuta karibu. "Anga ni langu. Kama ni rangi ya maji, mwenyewe ndiye aliyetaka bluu, mimi nilimwambia."

"Maji sina shida nayo, dada. Hapa," akagusa kioo upande wa kulia, kwenye majani matupu, "hapa alikuwepo mume wangu."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma. Shangazi alikuwa ameinua mkono kwenye kipanya, na mashine ilipokaa kimya hakuushusha.

Mwanamke akaeleza, pole pole, kama mtu aliyeshaeleza sehemu nyingi na anajua ni wapi watu huacha kusikiliza. Mumewe ni fundi wa kujenga kuta. Alipigiwa simu kwamba kuna kazi huko juu, karibu na maporomoko, akaondoka amevaa jaketi lake la kahawia, na mfuko wa vifaa vyake begani. Alisema akifika atapiga. Hakupiga. Simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Polisi wakaandika maelezo, wakasema wanaume huwa wanakwenda na huwa wanarudi. Halafu mpwa wa mume, msichana wa chuo, akakumbuka kitu. Yule binti wa kofia pana alisoma naye. Siku ile binti alikuwa ameweka picha kwenye stetasi kabla hajaipeleka kusafishwa, na mpwa aliiona. Nyuma ya binti alimwona mjomba wake anapanda gari jeupe. Alicheka, akasema mjomba naye siku hizi mtalii, akapita kuendelea na mengine. Hakuihifadhi. Nani anahifadhi stetasi ya mtu?

"Gari lilikuwa na maandishi mlangoni," akasema shemeji mtu. "Yeye hakumbuki yameandikwa nini. Ila yalikuwepo. Tukiyapata hayo maandishi, tunajua nani alimchukua kaka."

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa. Maneno kwenye mlango wa gari. Hawakuwa na kitu kingine cha kuanzia.

Shangazi aliwaambia wakae, na viti havikuwepo. Akafungua faili, na ilikuwa kama mnavyojua: majani, mwamba, binti. Akaivuta iwe kubwa mpaka majani yakawa vibonge vya rangi. Hakuna kitu. Fundi mzuri huyo.

"Ya kijani," akasema.

"Nini?"

"Maandishi yalikuwa ya kijani. Nakumbuka kwa sababu yalinisaidia. Niliyachanganya na majani."

"Yalisemaje?"

Nilimwona anavyojaribu. Alifumba macho, midomo ikawa inacheza kama mtu anayesoma kwa mbali. Mimi nafikiri katika dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyewahi kuyaona maandishi yale makubwa, mbele ya pua yake, herufi moja ikiwa sawa na kiganja. Na hakuyasoma. Alikuwa anaangalia rangi.

"Mimi sisomi, dada," akasema. "Nikiwa nafuta sisomi."

Tukamtafuta binti wa kofia. Alikuja mwenyewe, hata hatukumsumbua, akaanza kulia kabla hajakaa. "Anti, ile simu nilimpa mdogo wangu. Tuliifuta yote kwanza. Si ndivyo watu wanavyofanya?" Ndivyo wanavyofanya. Na ile aliyomtumia shangazi, alishaifuta kwenye mazungumzo kwa sababu alikuwa amepata iliyo nzuri. Rafiki aliyempiga picha alitumia simu ileile. Kila mlango tuliogonga mtu alikuwa ameshafagia.

Ikabaki kompyuta. Fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma akaja na mfuko wake, akasema faili iliyokaliwa wakati mwingine huacha mabaki chini, kama rangi ya zamani chini ya rangi mpya. Akaacha programu ikichimba. Mwanamke alikuja kila siku kukaa pale. Mtu akija kutoa fotokopi ya cheti anasogea kumpisha, halafu anarudi palepale karibu na mlango wa choo. Shangazi akawa anamnunulia chai bila kumuuliza, na yeye anaishika mpaka inapoa.

Siku programu ilipomaliza, fundi akatuita. Ilitoka picha. Ilianza kufunguka kutoka juu, mstari kwa mstari: anga. Lile la kweli, jeupe, la manyunyu. Kamba ya daraja. Ncha ya kofia ya binti. Halafu kijivu. Kijivu mpaka chini, kama mtu amevuta pazia. Fundi akajaribu tena, na tena. Kila mara anga, kamba, ncha ya kofia, kijivu.

"Kilichobaki ni hicho," akasema fundi.

Mwanamke akauliza kama mtu anaweza kufahamu kitu kwa kuangalia anga. Fundi akaanza kukunja waya zake.

Sasa hapa mtaanza kuhukumu, nawajua, ila someni kwanza.

Wiki iliyofuata shemeji mtu akarudi peke yake. Alikuwa na picha ya kaka yake, ya nyumbani, amesimama mlangoni ana shati la mistari. Akasema watoto wanauliza. Kila mtu anawaambia baba alionekana kwenye picha, nao wanataka kuiona hiyo picha.

"Dada, wewe si ndiye uliyemtoa? Mrudishe tu. Pale pale alipokuwa. Hata sekunde moja watoto wamwone."

"Nitakuwa nadanganya."

"Unadanganya nini? Alikuwepo. Wewe mwenyewe ulimwona."

Shangazi akazungusha miwani mikononi. Nilikuwa pale na sikusema kitu, sina haja ya kujipamba. Nilijua kwa nini angekubali. Tangu mwanamke yule aweke simu mezani alikuwa hali vizuri, na mtu huyu alikuwa anampa kitu cha kufanya kwa mikono yake.

"Na gari weka," akasema shemeji. "Watoto wajue alipanda gari, hakutembea kwa miguu."

Akamrudisha. Sijawahi kumwona akifanya kazi vile. Alimkata kutoka mlangoni kwake, akampa mwanga wa pale maporomokoni, akamwekea unyevu kidogo wa maji kwenye nywele. Mguu mmoja akauweka kwenye ngazi ya gari. Gari alilitoa kwenye picha ya mteja mwingine, jeupe, mlango hauna maandishi, maana hakutaka kubuni maneno. Akachapisha nakala mbili, akazipitisha laminesheni zikiwa bado za moto, akampa. Hakuandika popote kwamba ni ya kutengenezwa. Ya nini? Ilikuwa ya ukutani, ya watoto.

Shemeji akatoka nazo, akapita nyumbani akawapa watoto nakala moja. Halafu ile nyingine akaipeleka polisi.

Sitaki mumchukie. Alishakwenda kituoni mara nyingi mikono mitupu, na mikono mitupu haisikilizwi. Aliiweka juu ya kaunta akasema, "Afande, picha hii hapa." Hakusema imetengenezwa, na afande hakuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu kaka yake apotee, mtu wa kituo kile alinyanyuka kwenye kiti.

Waliipiga kwa simu, wakaivuta ikawa kubwa. Shangazi alikuwa ameacha namba ya gari. Hodari wa kufuta kuliko wote mjini, na kitu pekee alichosahau kufuta ni namba ya gari la mtu asiyehusika. Lilikuwa gari la dereva wa watalii, baba wa watu, anapeleka wageni na kuwarudisha. Wakamchukua mbele ya abiria wake. Wakamweka ndani. Gereji ikabidi ije kueleza kwamba siku hizo gari lile lilikuwa juu ya mawe, injini iko chini kwenye gunia, haliwezi kwenda popote. Ndipo wakamwita shemeji, na shemeji akasema kweli, na wakaja kwa shangazi.

Afande mwenyewe hakuwa mbaya. Alisimama kwenye kona ile, hakuna pa kusimama vizuri, akaangalia skrini.

"Kwa hiyo huyu bwana umemweka wewe."

"Ndiyo, afande."

"Na kabla ya hapo ulimtoa wewe."

"Ndiyo."

"Na kabla ya kumtoa, alikuwepo?"

"Alikuwepo, afande. Nakuapia."

Afande akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyechoka. "Mama, ungekuwa wewe ni mimi ungeandika nini?"

Sijui aliandika nini. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo, familia ile ikifika kaunta watu wanatazamana. Mpwa akiapa kwamba aliona stetasi wanamwambia hata hiyo stetasi huenda mliitengeneza. Hakuna anayetafuta gari jeupe lenye maandishi ya kijani. Kwao gari jeupe lilishapatikana, likakutwa gereji, mambo yakaisha. Shangazi alikwenda mara mbili kueleza upya. Mara ya pili walimwambia akiendelea watamfungulia kesi ya yule dereva, ambaye mpaka leo wageni wengine hawataki kupanda gari lake.

Mwanamke alikuja mara ya mwisho akiwa na ile ya ukutani kwenye mfuko wa karatasi. Tulidhani amekuja kugomba. Tungefurahi angegomba.

"Nimekurudishia," akasema. "Wanamuaga asubuhi wakienda shule. Yule mdogo anamwambia, baba, ukishuka kwenye gari njoo. Siwezi tena, dada."

Shangazi alisimama. Akaipokea.

"Uso wake umeutengeneza vizuri," akasema yule mwanamke, na alikuwa anasema kweli, hakuwa anamchoma. "Mimi mwenyewe nilianza kuamini ndivyo alivyokuwa amesimama." Akaaga. Hajarudi, na sisi hatujui tumpelekee nini.

Mkitaka mwisho mzuri, sina. Shangazi sasa anahifadhi orijino zote. Amenunua kifaa cha kuhifadhia, na kila mtu wa nyuma anamvuta kwanza akawa mkubwa, anamwangalia uso, anasoma shati, anasoma mlango wa gari kama lipo, ndipo anafuta. Anafuta, ndiyo. Bado ndiyo kazi. Ila sasa picha moja inachukua siku nzima, na nyie hamna subira, mmeshahama. Mnatumia programu ya simu. Unagusa mtu kwa kidole, anayeyuka, hakuna aliyemwangalia hata mara moja. Zamani angalau kulikuwa na mwanamke mmoja nyuma ya duka aliyemwona kwanza. Kona yake siku hizi inakaa kimya. Anapiga picha za vitambulisho, anawaambia watu wasitabasamu.

Mmeniuliza wanafutwaje, nimewajibu. Sasa na mimi nawaomba jambo moja. Kama ulikwenda maporomokoni yale msimu wa mvua uliopita, siku ya manyunyu, mawingu meupe juu, fungua simu yako. Usijiangalie wewe, wewe unajijua. Angalia nyuma yako, upande wa kuegesha magari. Kuna mwanamume mrefu, jaketi la kahawia, mfuko wa vifaa begani. Kuna gari jeupe lenye maandishi ya kijani mlangoni. Hata kama ni nusu ya gari, hata kama ni herufi mbili tu na mkono wako umezikata. Usinitumie pole, usinitumie dua, zimejaa. Usiisafishe, usiikate, usiing'arishe. Nitumie kama ilivyo.